Maisha ya Marehemu Daktari Tijani Al-Mahi, Tabibu wa Maradhi ya Nafsi

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeleta maradhi akaleta na dawa yake, na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Amma baada ya hayo. Katika watu waliozaliwa kando ya mto wa Nili katika karne iliyopita, wako waliojulikana kwa upanga, na wako waliojulikana kwa siasa, na wako waliojulikana kwa elimu. Marehemu Daktari Tijani Al-Mahi yu katika fungu hili la tatu, ingawa siasa nayo ilimfuata mpaka mlangoni mwake na kumshughulisha kwa muda wa miezi sita, kama itakavyoelezwa. Yeye ndiye Msudani wa kwanza kusomea utabibu wa maradhi ya akili, na wengi katika bara hili wamemwita baba wa elimu hiyo katika Afrika. Na zama alizoishi zilikuwa zama ambazo Juba na Khartoum zilikuwa chini ya bendera moja, kwa hiyo habari zake si habari za mgeni kwa watu wa Jebel.

Alizaliwa mwezi wa Aprili mwaka 1911 katika mji wa Al-Kawa, mji mdogo ulio ukingoni mwa Nili Nyeupe, kusini ya Khartoum. Mto huo ndio ule ule upitao Juba kwa jina la Bahr el Jebel, ukashuka kaskazini ukapotea katika vinamasi vya Sudd, kisha ukatokeza tena na kupewa jina jingine. Jina la Tijani ni jina la Sheikh Ahmad Al-Tijani, walii mkubwa aliyefariki katika mji wa Fez mwaka 1815, na kuenea kwa jina hilo katika Sudan ni dalili ya jinsi nchi ile ilivyokuwa nchi ya tarika na khalwa, yaani vyuo vya Kurani, ambako mtoto hukalia mchanga na ubao wake mikononi kabla ya kukalia dawati la skuli. Mtu aliyekulia mahali kama hapo hawezi kuwa mgeni wa masheikh, na jambo hili ni kubwa katika maisha yake.

Wakati huo Sudan ilitawaliwa na Waingereza pamoja na Wamisri. Mwaka 1924 ilifunguliwa Khartoum skuli ya utabibu iliyojengwa kwa ukumbusho wa Lord Kitchener, nayo ilikuwa ikichukua wanafunzi wachache mno kila mwaka. Tijani alihitimu katika skuli hiyo mwaka 1935, akaingia katika kazi ya serikali, akatumikia katika miji mbalimbali, miongoni mwayo Omdurman, Kosti, na Wadi Halfa iliyo katika mpaka wa Misri. Kazi yake ilikuwa ni ile ya tabibu yeyote wa zama zile: homa, vidonda, kuzalisha, kufunga mifupa. Walakini tabibu wa wilaya haoni homa peke yake. Huletewa pia yule aliyeacha kula na kusema, na yule anayezungumza na asiyeonekana, na mwanamke aliyebadilika baada ya uzazi, na kijana aliyekimbilia porini uchi. Na kwa watu hao dawa zilizokuwamo kabatini hazikuwa na faida.

Inafaa msomaji ajue hali yao ilikuwaje. Mgonjwa wa akili katika Sudan ya siku hizo alikuwa na pahala pawili. Pa kwanza ni gereza. Serikali haikuwa na hospitali ya watu hao, basi aliyeonekana kuwa ni hatari alifungiwa pamoja na wezi na wauaji. Pa pili ni kwa masheikh, katika masidi zao, ambamo mgonjwa husomewa, hupewa maji yaliyooshewa maandiko ya ubao, hukaa pamoja na wanafunzi, akala chakula chao na kusikia kisomo chao usiku na mchana. Katika hayo mna mema mengi. Lakini aghalabu mgonjwa mkali hufungwa mnyororo mguuni, na wako waliokuwa wakipigwa kwa madai ya kwamba anayepigwa ni jini wala si mtu, na wako walionyimwa chakula mpaka wakadhoofika. Huku Kusini nako kulikuwa na waganga wao waitwao kujur, na mlima unaoonekana na kila mtu wa Jebel unalo jina lao hata leo, Jebel Kujur. Kwa hiyo hapakuwa na kabila wala dini katika nchi nzima isiyokuwa na mtu wake wa kupelekewa mwenda wazimu. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza ni nani katika hao anayepona, na kwa sababu gani.

Tijani alipelekwa Uingereza kusomea maradhi ya akili, akapata shahada yake ya elimu hiyo na kurejea nchini mwaka 1949. Wazungu wenyewe wakati ule walikuwa katika hali ya kujaribu-jaribu. Walikuwa wakitumia mshituko wa umeme, ulioanzishwa Roma mwaka 1938. Walikuwa wakikata mishipa ya ubongo, na tabibu wa Ureno, Egas Moniz, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1949 kwa ajili ya jambo hilo, ambalo baadaye liliachwa kwa sababu ya madhara yake. Na walikuwa na dawa moja waliyoitegemea sana, nayo ni kumdunga mgonjwa insulini nyingi mpaka akazimia, kisha kumzindua kwa sukari, siku baada ya siku, kwa wiki nyingi. Hospitali kubwa kubwa zilikuwa na vyumba maalumu vya tiba hiyo, na wauguzi maalumu, na watu walitoka humo wakisema wamepona.

Habari ya insulini hii inastahili kukaliwa kidogo, maana imo ndani yake siri ya elimu yote hii. Mwaka 1953 tabibu kijana, Harold Bourne, aliandika kuwa tiba hiyo ni hadithi tupu, na wakubwa wake wakakasirika. Hata mwaka 1957 wakatokea matabibu wengine Uingereza, wakawagawa wagonjwa mafungu mawili kwa bahati nasibu, fungu moja wakazimishwa kwa insulini, na fungu la pili wakalazwa usingizi mzito kwa dawa nyingine isiyokuwa insulini, huku malezi, wauguzi na vyumba vikiwa sawasawa. Wakaangalia nani kapona. Hapakuwa na tofauti yoyote. Ikadhihirika ya kuwa waliokuwa wakipona walipona kwa sababu ya kuangaliwa vizuri, kuongozwa, na kutumainiwa na wauguzi wao, wala si kwa sababu ya sindano. Basi vile vyumba vikafungwa kimoja kimoja. Naam, Mzungu naye alikuwa na hirizi yake, ila yeye aliivaa mkononi kwa sindano, na sifa yake ni kwamba walipatikana miongoni mwao waliothubutu kuifungua na kutazama ndani.

Wala njia hii ya kupima haikuanzia kwa Wazungu. Daktari Tijani alilijua hilo kuliko wengi, kwa maana alikuwa mpenzi mkubwa wa vitabu vya kale, na mwaka 1959 alitoa kitabu chake cha Kiarabu juu ya tarehe ya utabibu wa Waarabu. Abu Bakr Al-Razi, aliyekuwa mkuu wa hospitali katika mji wa Rayy na katika Baghdad, akafariki mwaka 313 wa Hijra sawa na 925, aliandika habari ya wagonjwa wa homa ya kichwa iitwayo sirsam. Matabibu wa zama zake walidai kwamba kuumika damu humwokoa mgonjwa huyo. Al-Razi akaliumika kundi moja na kuliacha kundi jingine kwa makusudi, apate kujua. Huo ndio mzizi. Na wanavyuoni wa Hadithi walikuwa na desturi iliyo ndugu ya hiyo: hawakubali neno kwa ukubwa wa kilemba cha msemaji, bali huuliza limetoka kwa nani, naye kalisikia kwa nani, na je alikuwa mkweli, na je kumbukumbu yake ilikuwa madhubuti. Anayetaka tabibu amwoneshe ushahidi wa tiba yake anafanya kwa tiba lile lile ambalo Bukhari alilifanya kwa riwaya.

Kadhalika watu wasidhani kuwa Waislamu wa kale walimwona kila mwenye wazimu kuwa ni mwenye jini. Hospitali ya Nur al-Din katika Damascus, iliyojengwa mwaka 1154, na ile ya Sultani Qalawun katika Cairo, ya mwaka 1284, zilikuwa na sehemu za wagonjwa wa akili, wakilishwa na kutibiwa kwa mali ya wakfu. Na kabla ya hapo, Abu Zayd Al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi, akapambanua huzuni yenye sababu ijulikanayo na huzuni isiyo na sababu, na akafundisha jinsi mtu anavyoweza kuyatibu mawazo yenye kumsumbua kwa mawazo mengine yaliyo sahihi. Matabibu wa leo wanayarudia hayo kwa majina mapya.

Basi Daktari Tijani aliporejea alifungua, mwaka 1950, kliniki ya maradhi ya mishipa na nafsi katika Khartoum Bahri. Ilikuwa ndogo, na jina lake lilichaguliwa lisimwaibishe mwenye kuiendea, kwa kuwa mtu hukubali kuwa mgonjwa wa mishipa pale anapokataa kuitwa mwenda wazimu. Milango haikuwa na makufuli kama ya gereza, na mgonjwa alikuja na jamaa zake. Alipendelea sana jamaa wawepo. Ulaya mgonjwa hutengwa na watu wake, ilhali katika Sudan ukimtenga mtu na watu wake umemzidishia maradhi, na zaidi ya hayo mama au ndugu ndiye anayejua mgonjwa alikuwa mtu wa namna gani kabla ya kuugua. Vilevile alijishughulisha na waliofungiwa katika gereza la Kober kwa sababu ya maradhi ya akili. Katika miaka iliyofuata vikafunguliwa vituo katika Wad Medani, Port Sudan, El Obeid na Atbara, na msomaji wa Juba ataona mara moja ya kwamba majina hayo yote ni ya Kaskazini.

Jambo lililomtofautisha na wenziwe waliosoma Ulaya ni hili: hakuwapiga vita masheikh. Wengi walirejea na shahada zao wakawaona wasomaji wa Kurani na waganga wa mitishamba kuwa ni wajinga wa kufukuzwa. Yeye alikwenda kuwatembelea. Alikaa nao katika masidi zao, akasikiliza, akaangalia wanavyompokea mgonjwa, wanavyomkalisha, wanavyomwuliza, na nani hupata nafuu na nani hapati. Aliichunguza pia ngoma ya zar ipendwayo na wanawake wa Kaskazini, ambayo maulama wengi wanaikataza, naye hakuihalalisha kwa kuichunguza, kwani tabibu achunguzaye sumu haihalalishi kuinywa. Alitaka kujua kwa nini mwanamke aliyeingia akitetemeka na kulia hutoka ametulia, na utulivu huo hudumu siku ngapi.

Alichokiona ni kwamba wagonjwa hawafanani. Yuko aliyelemewa na hofu, au huzuni, au ugomvi wa nyumbani, au msiba usiolilika, na huyo kwa sheikh mwema hupata faida ya kweli: husikilizwa, huombewa, hupewa jina la maradhi yake ambalo yeye na watu wake wanalifahamu, na hurudishwa katika jamaa. Na yuko ambaye ubongo wenyewe una ugonjwa, au ana kifafa, au ana homa ya kichwani, au amevurugwa na ulevi, na huyo kumchelewesha kwa kisomo peke yake ni kumdhulumu. Kisomo hakizuiwi. Kinachozuiwa ni kumfungia mlango wa dawa. Kwa hiyo alifanya urafiki na masheikh, nao wakaanza kumpelekea wale ambao mambo yao yamewashinda. Na wako wagonjwa ambao yeye hakuwakataza kwenda kwa sheikh wao baada ya kupata dawa zake. Siku zile ilikuwa ni ajabu kubwa kwa daktari wa serikali kufanya hivyo.

Alilaumiwa kwa pande mbili. Matabibu wenziwe walisema anawapa heshima wasiostahili, na baadhi ya watu wa dini walisema anapeleleza siri za masheikh ili azipeleke kwa Wazungu. Lawama ya kwanza ina ukweli kidogo ndani yake, maana si kila aliye na tasbihi ni sheikh, na kumheshimu mwema kwaweza kumpa mwovu kivuli cha kujifichia. Lakini angefanyaje? Nchi yenye mamilioni ya watu ilikuwa na tabibu mmoja wa akili. Wagonjwa walikuwa tayari wako kwa masheikh. Ama aende kuwafuata huko waliko, ama akae kliniki kwake awangoje wachache wenye nauli.

Mwaka 1952 ilipatikana Paris dawa iitwayo klopromazini, ambayo kwa mara ya kwanza iliweza kutuliza wazimu mkali bila kumlaza mgonjwa usingizi, na katika miaka iliyofuata ikaenea duniani. Kwa dawa hiyo mnyororo ulipoteza udhuru wake. Kabla yake mtu angeweza kusema amemfunga ndugu yake kwa kukosa njia. Baada yake kumfunga ni kwa kukosa dawa, na kukosa dawa ni jambo la watu na serikali kulitengeneza.

Kulikuwa na jambo jingine katika miaka hiyo lililowachoma Waafrika wenye elimu. Hospitali ya Mathari, Nairobi, ilikuwa tangu mwaka 1938 hadi 1950 chini ya tabibu Mwingereza aitwaye Carothers. Mwaka 1953 kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika kilitolewa na Shirika la Afya Duniani, naye akadai humo kuwa Mwafrika hatumii sehemu ya mbele ya ubongo wake kama Mzungu anavyoitumia, na kuwa maradhi ya huzuni kubwa ni haba kwa Waafrika. Ushahidi wake ulikuwa nini? Alitazama waliomo hospitalini mwake. Na ni nani aliyepelekwa Mathari siku hizo? Ni yule aliyevunja vitu, aliyepiga watu, aliyekamatwa na polisi. Mwenye huzuni hamsumbui mtu. Hukaa ndani ya nyumba yake akigeukia ukuta, na hakuna askari atakayemkamata kwa kulia. Carothers alihesabu samaki walioingia katika wavu wake, kisha akatangaza kuwa baharini hamna dagaa.

Daktari Tijani, na mwenziwe wa Nigeria, Daktari Thomas Adeoye Lambo, aliyeanzisha mwaka 1954 kule Aro karibu na Abeokuta mpango wa kuwalaza wagonjwa katika vijiji vya watu pamoja na jamaa zao, na waganga wa kienyeji wakishirikishwa, walilijibu jambo hili kwa kazi yao kuliko kwa maneno makali. Walitoka nje ya kuta za hospitali. Na wengine waliokuja nyuma walipokwenda kupima nyumba kwa nyumba, mambo yakageuka: katika vijiji viwili vya Uganda uchunguzi uliotolewa mwaka 1979 ulionyesha kuwa huzuni ya maradhi ilikuwa nyingi kupita ile ya mtaa wa London waliolinganishwa nao. Wakati huo Tijani alikuwa amekwisha fariki.

Tangu mwaka 1959 hadi 1964 alikuwa Alexandria, akilitumikia Shirika la Afya Duniani kama mshauri wa afya ya akili kwa nchi za Mashariki ya Bahari ya Kati, nchi nyingi za Waislamu, ambazo karibu zote zilikuwa na mashaka yale yale ya gereza na mnyororo. Kazi yake Khartoum ikashikwa na wanafunzi wake, na mashuhuri wao ni Daktari Taha Baasher.

Aliporudi aliikuta nchi inachemka. Vita vya Kusini vilivyoanza kwa uasi wa Torit mwezi wa Agosti 1955 vilikuwa vimepamba moto, na serikali ya Jenerali Abboud ilikuwa imechosha watu. Tarehe 21 Oktoba 1964 askari waliwapiga risasi wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Khartoum, na kwa siku chache mji wote ukasimama. Abboud akaondoka mwezi uliofuata. Badala ya rais mmoja likawekwa, tarehe 3 Desemba 1964, Baraza la Mamlaka Kuu la watu watano, wakipokezana uenyekiti mwezi kwa mwezi: Daktari Abdel Halim Muhammad, Mubarak Shaddad, Ibrahim Yusuf Sulayman, Luigi Adwok Bong, na Daktari Tijani Al-Mahi. Luigi Adwok alikuwa Mshiluku na Mkristo, mtu wa kwanza wa Kusini kukaa katika kiti hicho cha juu kabisa cha Sudan. Hivyo tabibu wa wenda wazimu na mwalimu wa Kusini walikaa kwenye baraza moja.

Hazikupita siku nne. Siku ya Jumapili, tarehe 6 Desemba, watu wa Kusini walikusanyika Khartoum kumpokea Clement Mboro, Waziri wa Mambo ya Ndani, naye pia ni wa Kusini, aliyekuwa akirejea kutoka ziara ya huko. Ndege yake ikachelewa. Ukazuka uvumi ya kuwa ameuawa. Hapakuwa na ukweli wowote, lakini kabla ya ndege kutua watu walikuwa wameanza kupigana barabarani, wa Kusini na wa Kaskazini, na wengi wakapoteza maisha yao. Wazee walioko Juba wanalikumbuka jina la Jumapili Nyeusi. Maisha yake yote Tijani alikuwa akiwatibu watu mmoja mmoja waliosadiki visivyokuwako. Siku ile mji mzima ulisadiki kisichokuwako, na hapana kliniki ya mji.

Mwezi wa Februari 1965 Malkia Elizabeth wa Uingereza aliizuru Sudan akapokewa na Baraza hilo. Na kuanzia tarehe 16 hadi 29 Machi ulifanyika Khartoum Mkutano wa Meza ya Duara juu ya Kusini, chini ya serikali ya Waziri Mkuu Sirr Al-Khatim Al-Khalifa, na wajumbe wa nchi saba za Afrika, zikiwamo Uganda, Kenya na Tanzania, wakaja kuwa mashahidi. Mkutano ulikwisha bila ya mapatano, na vita vikaendelea mpaka mwaka 1972. Baraza lilimaliza muda wake tarehe 10 Juni 1965. Wengi wakishaonja ufalme huupenda. Yeye alirudi kwa wagonjwa na wanafunzi wake.

Nyumba yake ilijaa vitabu na miswada, vya utabibu, vya tarehe, vya lugha, na inasimuliwa kwamba alijifunza hata kusoma maandishi ya picha ya Wamisri wa kale. Alifariki tarehe 8 Januari 1970, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane. Vitabu vyake viliingia katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Khartoum vikiwekwa pamoja kwa jina lake, na mwaka 1981 makala zake za Kiingereza zilikusanywa na kuchapishwa na chuo hicho. Hospitali ya maradhi ya akili ya Omdurman nayo ikapewa jina lake.

Katika Juba njia yake ilichelewa kufika, wala haijafika kwa ukamilifu. Mwaka 2016 shirika la Amnesty International lilitoa taarifa ya kuwa hospitali kuu ya Juba ndiyo pekee ya umma katika Sudan Kusini nzima iliyokuwa na wodi ya wagonjwa hao, vitanda 12, na kwamba wagonjwa wengi walikuwa wakiwekwa katika gereza la Juba bila ya kosa lolote, kwa kukosa pahala pengine. Mwaka huo huo, Julai, risasi zililia Jebel yenyewe. Tangu Aprili 2023 wakaja wengine kwa maelfu, kwa njia ya Renk, wakikimbia vita vya Khartoum, na vichwa vyao vimebeba waliyoyaona.

Lakini upo ushahidi mmoja uliopatikana kwa watu wa nchi hii wenyewe, nao lau Daktari Tijani angaliuona angalifurahi. Katika kambi ya Rhino, kaskazini mwa Uganda, walichukuliwa wanawake 694, wakimbizi wa Sudan Kusini, katika vijiji 14. Vijiji viligawanywa kwa bahati nasibu. Katika baadhi yao wanawake walikusanyika mara moja kwa wiki, kwa wiki tano, wakisikiliza kanda zilizonenwa kwa Kiarabu cha Juba, zikiwafundisha namna ya kutulia mawazo yanapowavamia, huku wakiongozwa na wenzao wa kawaida waliofundishwa kwa siku chache, wala si madaktari. Wengine walipata msaada mdogo wa kawaida. Baada ya miezi mitatu wale waliosikiliza kanda walikuwa na dhiki ya moyo iliyopungua kuliko wenzao, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Tofauti haikuwa ya muujiza, na waliochapisha hawakudai muujiza. Mkeka, kanda, na mwanamke mwenye subira, hivyo ndivyo vifaa vyenyewe, navyo havishindi uwezo wa msikiti wowote wenye ukumbi.

Mwenyezi Mungu amrehemu Daktari Tijani Al-Mahi, na awarehemu wote aliowafungua minyororo yao. Amin.